Sura ya 6: Taa Zote Zinawaka, Nyaya Nibadilishe za Nini?

Swali hili huulizwa na karibu kila anayekarabati nyumba ya urithi, na anayeuliza ana haki ya kuuliza. Bajeti imeshapangwa: bati jipya, vigae vya sakafu, dari ya jipsamu, rangi. Nyaya za umeme hazimo kwenye orodha, kwa sababu ukibonyeza swichi taa inawaka. Halafu anakuja fundi umeme aliyeitwa kuongeza soketi mbili tu sebuleni, na mazungumzo yanakuwa hivi:

“Mama, hizi nyaya tuzitoe zote.”

“Jamani fundi, taa si zinawaka? Hela ya vigae yenyewe nimeipata kwa taabu.”

“Zinawaka, mama yangu. Ila sogea hapa uone.”

Fundi amekwishakata umeme kwenye meni swichi. Anafungua holda ya balbu darini, anavuta waya kidogo, anaukunja kwa vidole viwili. Ganda linapasuka na kupukutika, linamwagikia kiganjani kama unga mweusi. Ndani umebaki uzi wa shaba mtupu, na pembeni yake uzi wa pili, mtupu vilevile. Kilichokuwa kinazuia nyuzi hizo zisigusane ni kwamba hakuna aliyewahi kuzisogeza.

Taa kuwaka kunathibitisha jambo moja tu: kwamba umeme unafika kwenye balbu. Hakukwambii waya una hali gani ndani ya ukuta, wala umeme utapita wapi siku bati la friji likiguswa na waya wenye umeme. Sura hii inahusu mambo hayo mawili, na wakati pekee ambao kuyarekebisha ni nafuu: wakati ukuta bado uko wazi.

Nyumba ya vyumba sita, Jumatatu asubuhi

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni inajulikana ilivyo: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na ua nyuma wenye jiko na choo. Nyumba kama hiyo iliyotiwa umeme miaka ya 1950 au 1960 ilipewa taa moja kila chumba, taa za ukumbini, barazani na uani, na labda soketi moja au mbili kwa redio na pasi ya mwenye nyumba. Aliyepanga nyaya zile alipanga kwa maisha ya wakati ule, na kwa maisha yale alipanga vizuri.

Tuweke maneno matatu sawa kabla ya kupiga hesabu. Volti ni msukumo wa umeme. Nyumbani kwetu ni 230. Wati ni kiasi cha kazi ambacho kifaa kinafanya, na huandikwa kwenye kibandiko chake. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Ukigawa wati kwa volti unapata ampea. Balbu kumi za wati 60 ni wati 600, yaani ampea 2.6 hivi.

Sasa njoo Jumatatu saa 12 asubuhi. Wapangaji watatu wanapiga pasi sare za shule, kila pasi wati 1,200. Wa nne anachemsha maji kwa birika la wati 2,000. Hizo ni wati 5,600, ampea 24 na ushei, kabla hujahesabu friji, feni na televisheni. Umeme wote huo unapita kwenye waya mmoja wa mwanzo, ule unaotoka kwenye meni swichi kabla haujagawanyika kwenda vyumbani.

Waya wowote unaopitisha umeme hupata joto, na joto hilo hupanda haraka kuliko umeme wenyewe. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Zikiongezeka mara tatu, joto mara tisa. Kutoka ampea 2.6 hadi 24 ni zaidi ya mara tisa, kwa hiyo joto ndani ya waya uleule ni zaidi ya mara 80. Ndiyo maana swali la nyumba ina miaka mingapi ni la pili. La kwanza ni waya uliwekwa kubeba nini, na leo unabebeshwa nini.

Fyuzi ilitakiwa kulizuia hili. Fyuzi ya zamani ni kipande cha kauri chenye waya mwembamba ambao umeme ukizidi huyeyuka na kukata njia. Mizigo ilipoongezeka ikawa inakatika kila jioni, hadi mtu akachuna uzi wa shaba kwenye ekstensheni mbovu akaufunga pale. Tangu siku hiyo fyuzi haijakatika, na kila mtu akaona tatizo limetatuliwa. Ukweli ni kwamba sasa kinachosubiri kuyeyuka ni waya wa ukutani. Ukikuta fyuzi ya namna hiyo nyumbani kwako, usingoje ukarabati. Ita fundi leo.

Kinachozeeka ndani ya ukuta

Shaba yenyewe haizeeki kirahisi. Kinachozeeka ni ganda na viungo.

Nyaya nyingi za kabla ya plastiki kuenea zilivikwa mpira, na juu ya mpira kitambaa kilichopakwa lami. Mpira hukauka na kupasuka, hasa karibu na balbu ambako joto ni kali. Nyaya za plastiki zilizofuata zina maisha marefu zaidi, lakini plastiki ya kawaida ya waya imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 za Selsiasi. Ukiipitisha hapo kila asubuhi kwa miaka mingi hukakamaa, ikashindwa kukunjika. Panya nao hawabagui mpira wala plastiki.

Viungo ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Nyumba iliyoongezwa vyumba, banda la uani na kibanda cha mbele huwa na viungo vya kusokota kwa mkono na kuzungushiwa selotepu nyeusi, vingine vimefichwa juu ya dari mahali ambapo hakuna anayefika. Kiungo kilicholegea kina sehemu ndogo ya kupitisha umeme, kwa hiyo joto hujikusanya hapohapo. Pwani, hewa ya chumvi huongeza kutu ya kijani kwenye shaba, na kiungo huzidi kubana njia. Breka (swichi inayojikata yenyewe ampea zikizidi) haiwezi kuliona tatizo hili, kwani ampea hazijazidi. Kuni za kuanzishia moto ni zile boriti na mbao za dari zilizo sentimita chache kutoka hapo.

Kuna pia suala la rangi. Kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza, waya wa moto (unaoleta umeme) ni mwekundu, nyutro (waya unaorudisha umeme) ni mweusi, na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) ni wa kijani. Mtindo wa sasa ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Madukani utakuta yote miwili. Hatari ni kuchanganya nusu kwa nusu, kwa sababu mweusi ambao zamani ulikuwa nyutro, katika mtindo mpya wa laini tatu ni waya wa moto. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi hatajua ulimaanisha nini. Chagua mtindo mmoja kwa nyumba nzima.

Dalili ambazo mwenye nyumba anaweza kuziona mwenyewe

- Swichi au soketi ina joto ukiigusa, au imebadilika rangi kuwa ya kahawia.
- Kuna harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki bila samaki; baadhi ya plastiki za swichi na soketi hunuka hivyo zikipata joto.
- Taa zinafifia kila friji au pampu inapoanza.
- Bati la friji, bomba au koki ya bafuni inatekenya vidole. Hii si ya kusubiri hata siku moja.
- Soketi za matundu ya mviringo bado zipo. Soketi za pini bapa tatu tunazotumia sasa zilianza Uingereza mwaka 1947, kwa hiyo za mviringo hukuonyesha umri wa kilichoko nyuma yake.
- Yuniti za LUKU (mita ya kulipia kabla) zinakwenda wakati hakuna kinachotumika. Chomoa kila kitu, zima taa zote, kisha tazama kitaa cha mita kinachomweka. Kikiendelea kumweka, kuna umeme unaokwenda mahali usipopajua.

Dalili hizi zisipokuwepo haimaanishi nyaya ni nzima. Ganda lililopukutika kwenye holda ya yule mama halikuwa limetoa dalili yoyote.

Ethi iliyoondoka na mabomba

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu sehemu hii huokoa maisha na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Friji ina mwili wa bati. Ndani yake waya wa moto ukichubuka na kugusa bati, friji nzima inakuwa na moto wa umeme. Kama bati limeunganishwa na ethi, umeme una njia ya kwenda ardhini. Kama halijaunganishwa, bati linabaki na volti 230 likimsubiri mtu. Mtoto anatoka kuoga, miguu mitupu na maji, anafungua friji. Njia ya kwenda ardhini sasa ni yeye.

Nyumba nyingi za zamani zilitumia mabomba ya maji kama ethi. Bomba la chuma lilitoka ndani, likazama ardhini, likaenda mbali; waya wa kijani ulifungwa hapo kwa kibano na kazi ikaisha. Kwa wakati ule lilikuwa wazo zuri. Kisha chuma kikashika kutu, maji yakawa mekundu, na katika ukarabati mabomba yakabadilishwa kuwa ya plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Fundi bomba amefanya kazi yake vizuri kabisa, maji yanatoka safi, lakini tangu siku hiyo kila soketi ya nyumba ile ina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Hakuna taa iliyozimika kumjulisha mtu. Kwa hiyo kama mabomba yako yamebadilishwa au yatabadilishwa, muulize fundi umeme swali hili moja kwa moja: ethi yetu imefungwa wapi?

Jibu la kawaida ni ethi rodi, fimbo ya chuma iliyovikwa shaba, mara nyingi ya mita 1.2, inayopigiliwa ardhini. Hata hivyo fimbo peke yake haitoshi, na hesabu fupi inaonyesha sababu. Ardhi ina upinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, unaopimwa kwa omu. Tuseme fimbo yako ina upinzani wa omu 20. Volti 230 ukigawa kwa 20 unapata ampea 11.5. Breka ya jiko ni ya ampea 32. Kwake ampea 11.5 ni matumizi ya kawaida, haitakata. Bati litaendelea kuwa na moto huku umeme ukimwagika ardhini na LUKU ikihesabu. Kwenye mchanga mkavu wa pwani upinzani unaweza kuwa mkubwa zaidi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Fimbo ipigiliwe penye unyevu, ifike chini, na ikipimwa ikionekana haitoshi iongezwe ya pili mbali kidogo na ya kwanza.

Kinachomalizia kazi ni kifaa ambacho ubavuni kimeandikwa RCCB, na mafundi hukiita kwa herufi hizohizo. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi. Vikiwa sawa, kinanyamaza. Tofauti ikifika ampea 0.03, maana yake kuna umeme unaopitia pengine, labda kwenye mwili wa mtu, na kifaa kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. RCCB inalinda mtu. Hakuna kinachoweza kushika nafasi ya mwenzake, na nyumba inahitaji vyote viwili.

Utasikia watu wakisema RCCB ni usumbufu, inakatakata ovyo. Mara nyingi walifungiwa kwenye nyaya zilezile za zamani. Kifaa kilikuwa kinasema ukweli kwamba nyumba inavuja umeme. Wakakitoa, wakabaki na mvujo.

*Kwa ufupi: breka kwa ajili ya waya, RCCB ya ampea 0.03 kwa ajili ya watu, na ethi iliyopimwa kwa kipimo, si kwa macho.*

Kabla ya lipu, kabla ya rangi

Ukarabati una mpangilio wake, na makosa mengi ya gharama hutokana na kuuvuruga. Umeme wa ukutani huja baada ya kuta kusimama na kabla ya lipu, yaani tabaka la saruji na mchanga linalosawazisha ukuta.

Anza kwa kukaa na fundi mkiwa na karatasi. Chora kila chumba na useme kitanda kitakaa wapi, friji wapi, pasi itapigwa wapi. Weka soketi nyingi kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu kila soketi inayokosekana leo itakuwa ekstensheni ya kudumu kesho. Gawanya umeme katika njia zake: taa peke yake, soketi peke yake, na vifaa vizito kila kimoja na njia yake kutoka kwenye boksi la breka.

Kwa kawaida taa hupata waya wa 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Soketi hupata waya wa 2.5 na breka ya ampea 20. Namba hizo ni unene wa shaba kwa milimita za mraba. Shawa ya maji moto inayochemsha papo hapo mara nyingi ni ya wati 5,000 na kitu. Ukipiga hesabu yetu unapata zaidi ya ampea 22. Ipewe waya wake wa 6 na breka yake ya ampea 32. Kuichomeka shawa hiyo kwenye njia ya soketi, au vibaya zaidi kwenye waya wa taa ya bafuni, ni jambo nisiloweza kulitetea kwa sababu yoyote ya kubana matumizi.

Kisha mifereji inatinduliwa ukutani kwa tindo au mashine, paipu za plastiki na maboksi ya swichi yanazamishwa. Mifereji iende wima au mlalo kutoka kwenye boksi, isikate kona, ili mtu anayepigilia msumari wa picha baadaye ajue wapi pasiguswe. Piga picha za kila ukuta kwa simu kabla lipu haijafunika, na weka rula au futi ionekane kwenye picha. Waya hupitishwa ndani ya paipu lipu ikishakauka, na swichi na soketi hufungwa baada ya rangi. Faida ya paipu ni kwamba siku waya ukiharibika unavutwa na kuingizwa mwingine bila kugusa ukuta.

Kama mnaishi ndani wakati kazi inaendelea, fundi afunge boksi jipya kwanza, kisha ahamishe chumba kimoja kimoja. Njia ya zamani ikishahamwa ikatwe kabisa na nyaya zake zitolewe, zisiachwe zikining'inia darini zikidhaniwa zimekufa. Mita na lakiri yake ni mali ya shirika la umeme. Fundi wako anaanzia upande wa nyumba.

Kuta za mawe na chokaa

Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu wana kuta za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Kuta hizo ni nene lakini si ngumu kama zege: mashine ya kukatia tofali hung'oa mawe mazima. Mfereji mrefu wa mlalo huudhoofisha ukuta unaobeba boriti za ghorofa ya juu. Hapa ni bora paipu zipite juu ya ukuta, zikifuata pembe za dari na miimo ya milango, hata kama jicho halitapenda mwanzoni. Palipo lazima kuchimba, pazibwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na unyevu ni adui wa maboksi yote ya umeme. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi huko inahitaji kuarifiwa kabla hujagusa kuta. Omba kibali mapema, kabla fundi hajaanza.

Waya wa kununua

Waya feki unaumiza zaidi ya kukosa waya, kwa sababu umejificha nyuma ya lipu mpya. Feki huwa ya namna mbili. Moja ni alumini iliyopakwa shaba: kwaruza ncha kwa kisu, ikionekana nyeupe ndani, rudisha. Ya pili ni shaba halisi iliyopunjwa unene. Waya halali wa 2.5 wenye nyuzi saba una nyuzi za kipenyo cha milimita 0.67 kila moja, wa 1.5 wenye nyuzi saba, milimita 0.53. Fundi mwenye kipimo anaweza kukagua dukani kwa dakika moja. Mwambie akague mbele yako, tena rola moja moja.

Ukitaka kupunguza gharama, punguza kwenye taa za urembo na vifuniko vya swichi, ambavyo utabadilisha wakati wowote kwa bisibisi.

Kupimwa kabla ya kuwashwa

Tafuta fundi mwenye leseni. Tanzania Bara hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Omba uione leseni yenyewe na usome daraja lake. Kazi ikiisha, usikubali ipimwe kwa testa ya bisibisi tu.

Fundi awe na kipimo ambacho mafundi hukiita mega. Kinasukuma volti 500 kwenye nyaya zikiwa hazijaunganishwa na umeme, kuona kama kuna mahali ganda linavuja. Upinzani kati ya moto na ethi usipungue omu milioni 1. Nyaya mpya zilizowekwa vizuri husoma juu ya hapo kwa mbali sana. Apime pia ethi rodi, na ahakikishe ethi inafika kwenye kila soketi, moja baada ya nyingine, ya jikoni na ya banda la uani zikiwemo. Majibu ayaandike kwenye karatasi pamoja na tarehe na namba ya leseni yake. Ndani ya mlango wa boksi la breka abandike orodha ya kila breka inakwenda wapi.

Kwenye RCCB kuna kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze siku ya kukabidhiwa kazi, fundi akiwa bado yupo: umeme lazima ukatike papo hapo. Usipokatika, kifaa kibadilishwe kabla hujamlipa malipo ya mwisho. Baada ya hapo kibonyeze kila baada ya miezi michache, na umwonyeshe kila anayeishi humo kilipo.